Ikona ya babu inabanduka rangi: niisafishe au niiache?

*"Shikamoo mtaalamu. Marehemu babu alikuwa nyapara kwenye shamba la mkonge la Mgiriki mmoja karibu na Korogwe. Yule Mgiriki alipofungasha kuondoka nchini, mwishoni mwa miaka ya sitini, alimwachia babu ubao wenye picha ya kidini. Bibi aliutundika jikoni juu ya mafiga, ukakaa hapo hadi mwaka jana alipofariki, nikauchukua nikaja nao Dodoma. Nimeutundika sebuleni. Una urefu wa sentimita 35 hivi, upana 28. Umekuwa mweusi kwa moshi, lakini ukiumulika kwa tochi unamwona mwanamke amelala kitandani, wanaume wengi wamemzunguka, na nyuma ya kitanda yuko Yesu amebeba kitoto kilichofungwa nguo nyeupe. Mbele ya kitanda kuna mtu mdogo aliyekatwa mikono, na malaika ameshika upanga. Juu kuna maandishi, nimeweza kusoma H KOIMHCIC, mengine yamefifia. Tangu Septemba rangi ya upande wa chini imeanza kuinuka magamba, nadhani moshi umeshaila. Kaka anasema nisugue kwa kitunguu kilichokatwa. Fundi samani anasema atapiga msasa kidogo na vanishi, ung'ae. Shangazi anasema huyo mtoto na hiyo mikono ni mambo ya kishirikina, nikautupe. Nimekutumia picha za mbele na nyuma nilizopiga kwa simu. Nifanye nini? Na je, una thamani?"*

Marahaba, na pole sana kwa msiba wa bibi.

Kabla hujaendelea kusoma, nenda ukautungue huo ubao. Ushike kingo za pembeni kwa mikono miwili, usiguse uso wake, uulaze mezani picha ikitazama juu, mahali ambapo watoto hawafiki na feni haipulizi. Usiufute vumbi, hata kwa kitambaa laini kiasi gani. Kama kuna vipande vimeshaanguka sakafuni, vikusanye kwa kipande cha karatasi, uvitie kwenye bahasha safi na uandike juu yake vilidondoka upande gani. Ukimaliza, rudi tuendelee.

Nimeanza na hilo kwa sababu barua yako imeuogopa zaidi weusi, na weusi hauna haraka yoyote. Ikona nyingi zimekaa nyeusi kwa vizazi viwili au vitatu bila kupoteza kitu. Rangi inayoinuka ndiyo yenye haraka, maana gamba likishaanguka na kukanyagwa, hakuna mtaalamu duniani anayeweza kulirudisha. Anachoweza ni kupaka rangi yake mwenyewe mahali pa ile iliyopotea.

Tuanze na shangazi, kwa kuwa amesema utupe, na jambo hilo linaweza kutokea siku ambayo haupo nyumbani. Hiyo ni ikona, picha takatifu ya Wakristo wa Kanisa la Kiorthodoksi, na inaonyesha sikukuu. Maneno uliyoyasoma ni mwanzo wa jina lake kwa Kigiriki: Kulala kwa Mama wa Mungu, yaani kufa kwake Bikira Maria. Huadhimishwa tarehe 15 Agosti, na mapokeo yanasema tarehe hiyo iliwekwa kwa himaya nzima na Kaisari Maurice wa Konstantinopoli, aliyetawala kuanzia 582 hadi 602. Kama shangazi ni Mkatoliki, mwambie ni siku ile ile anayokwenda misa ya Kupalizwa Mbinguni. Makanisa haya mawili yanaadhimisha mwisho wa maisha ya mama yule yule. Wachoraji wa Magharibi wa karne za baadaye walipenda kumwonyesha akipaa mawinguni, na wa Mashariki wakabaki kitandani pake, mitume wakilia.

Kile kitoto cheupe ni roho ya Maria mwenyewe. Kwa karne nyingi wachoraji wa ikona wameonyesha roho ya mtu aliyefariki kama mtoto mchanga aliyefungwa nguo, kwa sababu amezaliwa upya kwenye maisha mengine. Katika ikona nyingine, mama ndiye anayempakata mwana. Katika hii peke yake, mwana ndiye amempakata mama. Ukishaliona hilo hutaitazama tena picha hiyo kwa hofu. Mimi naiona kuwa ndiyo ikona yenye upole kuliko zote za sikukuu kubwa kumi na mbili.

Mikono iliyokatwa inatokana na masimulizi ya kale yasiyomo kwenye Biblia. Wanasimulia kwamba jeneza lilipokuwa likipelekwa makaburini, mtu mmoja aliyeitwa Yefonia alilishika ili aliangushe; malaika akamkata mikono, yule mtu akatubu, na mikono ikarudi. Tukio hilo halimo kwenye ikona za zamani zaidi za sikukuu hii. Liliongezwa baadaye na kuenea sana. Ni haki pia niseme kwamba masimulizi hayo yanamtaja Yefonia kuwa Myahudi, nayo yamebeba uhasama wa wakati wake dhidi ya Wayahudi. Ni vizuri anayeitunza picha ajue hivyo. Lakini uchawi haumo humo hata chembe.

Ukiitazama tena, bila kuigusa, ukiwa umeshika tochi pembeni ili mwanga upite usawa wa ubao, huenda ukamwona Petro kichwani pa kitanda akifukiza ubani, Paulo ameinama miguuni, na Yohana amesogeza uso wake karibu na Maria. Wale wenye misalaba kwenye mavazi ni maaskofu. Angalia pia ukingo wa chini kama kuna alama nyeusi yenye umbo la tone, au sehemu iliyochujuka kuliko nyingine. Tone ni mshumaa au kandili iliyokaribia mno. Kuchujuka mara nyingi ni midomo ya watu: Waorthodoksi huibusu ikona wakisali, wakimheshimu aliyechorwa, wala hawauabudu ubao. Mtaguso wa pili wa Nikea, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, mwaka 787, ulilifafanua jambo hilo baada ya miongo mingi ya ikona kuvunjwa na kuchomwa.

Sasa moshi. Umeandika kwamba moshi umeila rangi, na ndivyo watu wengi wanavyodhani. Ili uone kwa nini sikubaliani, inabidi nikueleze ubao huo umetengenezwaje.

Chini kabisa ni mbao. Juu ya mbao mara nyingi hugundishwa kitambaa chembamba cha kitani. Kwenye picha zako, pale kona ya kushoto ilipovunjika, nyuzi zake zinaonekana. Juu ya kitambaa kuna tabaka kadhaa za jasi au chokaa laini iliyochanganywa na gundi ya ngozi za wanyama, ikasuguliwa hadi ikawa laini kabisa. Palipo na dhahabu, kwanza hupakwa udongo mwekundu, halafu karatasi ya dhahabu nyembamba mno. Kisha rangi, ambazo ni unga wa mawe na udongo uliokorogwa kwa kiini cha yai. Maandishi, mistari ya dhahabu kwenye nguo na mwanga wa macho huwekwa mwisho, juu ya vyote. Halafu vanishi ya mafuta ya mbegu za kitani au ya utomvu wa miti.

Vanishi hiyo hugeuka rangi yenyewe, hata isipoona moshi. Ndani ya miaka themanini hadi mia inakuwa kahawia nzito. Huko Urusi ikona zilikuwa zinakuwa nyeusi, zinachorwa upya juu ya weusi, na watu wakasahau kilichokuwa chini. Ikona ya Utatu Mtakatifu ya Andrei Rublev, mchoraji Mrusi wa kale, ilianza kusafishwa 1904 na fundi Vasily Guryanov, na watu waliozoea kudhani ikona za kale ni za giza walishangaa kuona bluu na kijani vikichomoza. Kwa hiyo weusi wa ubao wako ni mambo mawili: vanishi iliyozeeka, na juu yake masizi na mafuta ya jiko la kuni. Yote mawili yamekaa juu ya rangi. Tena moshi huo yaelekea ulimfukuza dumuzi. Bibi zetu hawakutundika mahindi ya mbegu juu ya jiko bure.

Kilichoiinua rangi ni safari ya kutoka Korogwe kwenda Dodoma. Mbao hunywa unyevu wa hewa ikavimba, hewa ikikauka nayo inasinyaa, na hufanya hivyo kukatisha nyuzi zake, yaani kwa upana. Ni kama mlango unaokwama masika na kulegea kiangazi. Jasi na rangi iliyozeeka havisinyai pamoja nayo. Ubao wako ulikaa zaidi ya miaka hamsini kwenye hewa yenye unyevu ya bonde la Pangani, ukazoeana nayo. Ukauhamishia Dodoma, ukautundika sebuleni, kiangazi kikafika. Mbao ikapungua upana, tabaka la juu likabaki na eneo lake lile lile, halina pa kwenda, likajikunja na kuinuka. Wewe mwenyewe umetaja Septemba, mwezi ambao Dodoma imekuwa bila mvua kwa muda mrefu. Upande wa nyuma haukupakwa kitu, kwa hiyo unapoteza unyevu haraka kuliko mbele. Ndiyo sababu ubao umebenuka, tumbo likiwa upande wa picha. Usijaribu kuunyoosha kwa kuukandamiza na vitabu, wala usiing'oe ile mikanda miwili ya mbao iliyopigiliwa misumari mgongoni. Ukiulazimisha kunyooka, utapasuka.

Ushauri wa kaka umeenea kote duniani, na ninaelewa unakotoka: kitunguu kweli kinaondoa uchafu. Tatizo ni kwamba maji yake yanaingia kwenye nyufa hadi kwenye jasi, na gundi iliyoishika jasi huyeyuka kwa maji. Uso unang'aa siku hiyo, baada ya wiki chache vipande vinaanguka. Sukari ya kitunguu inayobaki inalisha ukungu. Viazi na mkate ni hivyo hivyo. Ndimu ni mbaya zaidi, maana asidi hushambulia chokaa. Sabuni na magadi hulegeza kiini cha yai na mafuta. Mafuta ya taa, spiriti na tina vinaweza kuyeyusha vanishi kuukuu, na hapo mtu hufurahi anapoona pamba imekuwa kahawia. Lakini kumbuka kilicho karibu kabisa na vanishi: maandishi na mistari ya dhahabu. Vinatoka pamoja nayo kwenye pamba hiyo hiyo. Nimeletewa ikona zilizosafishwa nyumbani ambazo nyuso zake zimebaki bila macho.

Fundi samani anajua kazi yake, na meza yako ningemkabidhi bila wasiwasi. Kwa ubao huu mkatalie kwa heshima. Msasa utamaliza rangi ambayo unene wake haufiki hata nusu milimita, na vanishi za kisasa za samani zikishakauka haziyeyuki tena kwa dawa ambayo rangi ya yai inaweza kuistahimili. Magamba yatafungwa yakiwa yameinuka, na uchafu ndani yake.

Kuna sababu nyingine ya kuulinda ukingo huo wa chini hasa. Wachoraji wa Kigiriki walipoweka saini, mwaka, au sala ya mtu aliyeagiza ikona, mara nyingi waliviweka sehemu ya chini. Kwenye kisiwa cha Syros huko Ugiriki, katika mji wa Ermoupoli, kuna kanisa lenye ikona ya sikukuu hii hii ambayo waumini waliisalia miaka mingi bila kumjua mchoraji. Mwaka 1983 iligundulika saini kwenye kitako cha kinara cha mishumaa kilichochorwa mbele ya kitanda: Domenikos Theotokopoulos, yule mchoraji mashuhuri ambaye ulimwengu unamwita El Greco, aliyeichora akiwa kijana kabla hajaondoka kisiwa cha Krete. Sisemi ya kwako ni ya mtu mashuhuri, na nitakueleza hivi punde ninavyoiona. Ninachosema ni kwamba kama mchoraji au mtu aliyeiagiza aliandika jina lake popote, huenda liko pale pale panapobanduka.

Je, ni ya kweli? Picha ya kuchapwa kwa mashine ukiitazama kwa lenzi ya kukuzia unaona vidoti vidogo vilivyopangwa. Hapa sivioni, naona mapigo ya brashi, nyufa zinazoshuka hadi kwenye jasi, na kitambaa chini yake. Mikanda iliyopigiliwa misumari mgongoni ni desturi ya Wagiriki. Warusi kwa kawaida walichonga mfereji na kuupachika mkanda ndani yake. Herufi nazo ni za Kigiriki. Kwa macho yangu, kupitia simu, hii ni ikona iliyochorwa kwa mkono, ya kusalia nyumbani, yaelekea ya karne ya 19. Umri kamili hauthibitishwi kwa picha ya simu, na yeyote atakayekuthibitishia kwa njia hiyo usimwamini.

Kuhusu thamani nitasema wazi. Ikona za nyumbani za karne ya 19 zilichorwa kwa wingi sana. Yenye rangi inayobanduka na isiyo na saini haijengi nyumba, na wanunuzi wa mitandaoni wanaokutumia ujumbe wa haraka wanategemea usijue thamani yake halisi. Kama siku moja familia itaamua kuuza, mnunuzi mwaminifu atauliza historia yake kabla ya bei, kwa sababu ikona nyingi zimeibwa makanisani. Cyprus ya kaskazini peke yake ilipoteza nyingi baada ya uvamizi wa Uturuki wa 1974. Na kabla haijavuka mpaka, pita kwanza Idara ya Mambo ya Kale ujue kama inahitaji kibali.

Historia yenyewe unayo, na ni nzuri. Wagiriki walilima mkonge, kahawa na tumbaku Tanganyika, na baada ya Azimio la Arusha la 1967 mashamba mengi ya mkonge yalitaifishwa, familia nyingi zikaondoka. Kwa Wagiriki tarehe 15 Agosti ni sikukuu wanayoiita Pasaka ya kiangazi. Watu hurudi vijijini kwao, na kisiwa cha Tinos hufurika mahujaji. Mtu aliyemwachia nyapara wake ikona ya siku hiyo hakuwa anapunguza mizigo. Kaa na wazee waliobaki, andika jina la shamba, la babu, la huyo Mgiriki kama linakumbukwa, na mwaka. Karatasi hiyo iwekwe bahashani, isigundishwe mgongoni mwa ubao.

Una njia tatu. Ya kwanza ni kuutuliza ulivyo, mweusi hivyo hivyo. Utafute sanduku la mbao au boksi gumu lenye kimo kikubwa kuliko ubao, tandika kitambaa safi cha pamba, ulaze chali, ufunike bila kifuniko kugusa uso. Usiufunge kwa nailoni, unyevu utanasa na ukungu utaota. Weka chumba cha ndani, mbali na jiko, dirisha, ukuta unaopigwa na jua na kiyoyozi. Sanduku lililofungwa hupunguza kasi ya mabadiliko ya hewa, na kasi ndiyo inayoua. Usiweke kitambaa chenye maji ndani ukidhani unarudisha Korogwe. Njia hii haina gharama, nami naipendekeza kuanzia leo, lakini haigundishi kilichoinuka.

Ya pili ni kumpelekea mhifadhi wa picha zilizochorwa kwenye mbao. Atagundisha magamba moja moja kwa gundi nyembamba, akipitishia karatasi laini, na hiyo ndiyo kazi ya lazima. Kuondoa weusi ni uamuzi mwingine, wa baadaye, na kunaanza kwa kijidirisha cha ukubwa wa ukucha pembeni. Ningekuwa wewe, ningelipia kugundisha tu na kuuacha moshi wa bibi kwa sasa. Ya tatu ni kuukabidhi kwa kanisa la Kiorthodoksi, ambako utasaliwa tena. Ni jambo jema, ila rangi igundishwe kwanza, kwa sababu waumini watausogelea na mishumaa na kuubusu.

Wahifadhi wa aina hiyo ni wachache kwetu, sitakuficha. Anza na Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Nairobi kuna Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya, na seminari ya Kiorthodoksi ya Riruta, iliyoanzishwa kwa juhudi za Askofu Mkuu Makarios III wa Cyprus. Hao wa Riruta si mafundi wa kukarabati, lakini wanaweza kukusomea maandishi. Ukimpata mhifadhi, muulize kama amewahi kushika picha za kwenye mbao, atatumia gundi gani, kama inaweza kuondolewa baadaye, na kama atapiga picha kabla na baada. Akikuahidi kwamba utakuwa kama mpya, ondoka na ubao wako.

Usingoje nafasi, tafuta mtu wa kuushika kwa mikono wiki hii hii, ukiona magamba yanaongezeka hata ukiwa umelazwa, unga mpya wa mbao umemwagika chini yake, mbao inabonyea kwa kidole mgongoni, au vumbi jeupe au la kijani limeota juu ya rangi. Dawa ya kupuliza ya wadudu isiguse uso kwa hali yoyote. Safarini usafiri ukiwa umelazwa ndani ya boksi lake, mapajani mwako, usiingizwe kwenye buti la basi. Na ile bahasha ya vipande iende pamoja na ubao, maana mhifadhi anaweza kukirudisha kipande kidogo mahali pake hasa.